Je, mwanafunzi wa udaktari anaweza kuhamia chuo cha Marekani? Yajue haya kabla ya kuuza ng'ombe

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, maswali kuhusu masomo ya udaktari huongezeka katika ujumbe tunaopokea kutoka kwa wasikilizaji wetu. Mengi ni ya kawaida: alama zinazotakiwa, ada, mkopo. Lakini lipo moja linalojirudia, kutoka Buigiri, Chamwino, Mvumi mpaka Kongwa. Mzazi ameambiwa na wakala wa vyuo kwamba mtoto akaanze udaktari nje ya nchi, mahali penye ada nafuu, asome miaka miwili, kisha "ahamishiwe" Marekani akamalizie huko. Mzazi anauliza: jambo hili lipo kweli? Niuze ng'ombe?

Jibu fupi ni hili: usiuze ng'ombe kwa ahadi hiyo. Kuhama kutoka chuo cha udaktari cha nje kwenda chuo cha udaktari cha Marekani ni jambo ambalo karibu halitokei, na kwa Mtanzania ni gumu zaidi. Hata hivyo, madaktari waliosoma nje ya Marekani wapo wengi sana katika hospitali za huko. Takriban daktari mmoja kati ya kila wanne wanaofanya kazi Marekani alisomea nchi nyingine. Walipitaje basi? Wengi hawakuhama katikati ya masomo. Walimaliza shahada kwanza, ndipo wakavuka.

Makala haya yanaeleza tofauti ya njia hizo mbili, kwa nini moja imefungwa na nyingine ipo wazi, na nini cha kufanya ikiwa mtoto tayari yuko nje na anataka, au analazimika, kuhama.

Kwa nini mifumo haifanani

Hapa kwetu kijana akimaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri Fizikia, Kemia na Biolojia, anaingia moja kwa moja kusoma udaktari. Anasoma miaka 5, kisha anafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini akiwa daktari tarajali. Ndivyo ilivyo Muhimbili, KCMC, Bugando na hapa jirani Chuo Kikuu cha Dodoma. China, Urusi, Ukraine na Cuba ni karibu hivyohivyo, ila huchukua miaka 6. India ni miaka minne na nusu, na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini.

Marekani hawafanyi hivyo. Kijana wa huko akimaliza sekondari anasoma kwanza shahada nyingine kwa miaka 4, inaweza kuwa ya biolojia, kemia au hata historia, mradi awe amesoma masomo ya sayansi yanayotakiwa. Baada ya hapo anafanya mtihani wa kuingilia uitwao MCAT, ndipo anaomba chuo cha udaktari. Akipokelewa, anasoma miaka mingine 4. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari Marekani ni mtu mzima mwenye shahada mkononi, wakati wetu wa mwaka wa kwanza ametoka kidato cha sita juzi.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kijana wako akiwa mwaka wa pili India au China, kwa macho ya Wamarekani hajafika mwaka wa pili wa udaktari. Ni mtu ambaye bado hana shahada ya kwanza. Akiomba kuhamia, wengi watamwambia aanze mwanzo: shahada miaka 4, MCAT, halafu udaktari miaka 4.

Mlango wa kuhamia upo, lakini ni mwembamba

Vyuo vya udaktari vya Marekani vina chombo kinachovikagua na kuvipa ithibati, kiitwacho LCME. Chombo hiki kinavitaka vyuo vihakikishe kwamba mwanafunzi anayehamia amefikia kiwango kilekile cha wenzake anaowakuta darasani. Kwa sababu hiyo, vyuo vinavyokubali wanaohamia huchukua zaidi wale wanaotoka katika chuo kingine cha Marekani chenye ithibati ya LCME, na mara nyingi kwa sababu nzito, kama vile kuugua au kumfuata mwenzi wa ndoa aliyehamishwa kikazi. Vyuo vingi havipokei wanaohamia kabisa.

Hata pale panapokubaliwa, nafasi hupatikana mwanafunzi mwingine anapoacha masomo. Kwa kawaida huwa ni mwanzoni mwa mwaka wa tatu, wanafunzi wanapotoka darasani na kuingia wodini. Wodi haziongezeki kama viti vya darasani. Idadi ya wanafunzi hupangwa kwa kuangalia wagonjwa na madaktari walimu waliopo. Asipotoka mtu, hakuna pa kuingia.

Ushindani nao uangalie. Katika miaka ya karibuni, watu zaidi ya 50,000 huomba kila mwaka kuingia vyuo vya udaktari vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD, na wanaopata nafasi ni takriban 23,000. Maelfu ya Wamarekani wenyewe, wenye shahada na matokeo mazuri, hubaki nje. Ndiyo maana baadhi yao huenda kusoma udaktari katika visiwa vya Karibi, na wao pia husumbuka na swali hilihili la kuhamia nyumbani kwao.

Historia inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo zito. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wengi walikuwa wakisomea udaktari nje, hasa mji wa Guadalajara nchini Mexico. Ukawekwa mpango maalumu wa kuwawezesha kufanya mtihani na kuomba kuhamia vyuo vya nyumbani. Mwaka 1976 Bunge la Marekani likaenda mbali zaidi, likapitisha sheria ya kuvitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali vitenge nafasi kwa vijana hao. Vyuo kadhaa vikagoma, vikasema ni afadhali kukosa fedha kuliko kuchaguliwa wanafunzi na wanasiasa. Mwaka uliofuata sheria ikalegezwa. Sasa fikiri: ikiwa raia wao wenyewe, wakisaidiwa na Bunge lao, walikwama, mtoto wa Buigiri anayetegemea barua ya wakala atapita wapi?

Gharama ambayo wakala haitaji

Tuseme nafasi imepatikana. Ada ya chuo cha udaktari Marekani katika vyuo vingi vya binafsi ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, bila chakula na malazi. Tukipiga hesabu kwa shilingi 2,500 kwa dola moja, ni shilingi milioni 150 kwa mwaka mmoja. Ukichukulia ng'ombe mmoja ni shilingi milioni moja, hilo ni zizi la ng'ombe 150, na mwakani lingine kama hilo.

Wamarekani hulipa kwa mikopo. Nusu au zaidi ya wanaohitimu wakiwa na deni huanza kazi wakidaiwa takriban dola 200,000. Lakini mikopo ya serikali ya Marekani haitolewi kwa mwanafunzi mgeni aliyekwenda kwa viza ya masomo. Vyuo vingi vya udaktari havipokei wageni kabisa, na baadhi ya vinavyopokea humtaka mgeni aweke benki ada ya miaka yote 4 kabla hajaanza. Kwa familia ya mkulima wa zabibu au alizeti, hapa ndipo safari inapoishia, hata kama alama za mtoto ni nzuri kiasi gani.

Kisa cha kijana wa Addis Ababa

Abraham Verghese alizaliwa Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1955. Wazazi wake walikuwa walimu kutoka India. Alianza kusomea udaktari mjini humo, lakini mwaka 1974 Mfalme Haile Selassie akapinduliwa, nchi ikaingia katika misukosuko, na masomo yake yakakatika. Akaenda Marekani walikokuwa wazazi wake.

Hakupata chuo cha udaktari cha kumpokea aendelee pale alipoishia. Ili aingie ilimpasa kuanza upya na shahada ya kwanza. Akafanya kazi ya mhudumu katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee: kubeba wagonjwa, kuwaogesha, kuwabadilishia mashuka. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba usiku mmoja kazini alikuta kitabu cha udaktari kimeachwa mezani, na hapo akaamua kurudi kuutafuta udaktari kwa njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa India. Alipokelewa Chuo cha Udaktari cha Madras, akahitimu mwaka 1979. Ndipo akarudi Marekani, safari hii akiwa daktari kamili mwenye shahada ya nje. Mwaka 1980 akaanza mafunzo ya ubingwa katika mji mdogo wa Johnson City, jimbo la Tennessee. Baadaye akawahudumia huko wagonjwa wa UKIMWI wa vijijini, wakati ugonjwa huo ulipokuwa mpya na wa kutisha, akaandika vitabu vilivyosomwa duniani kote, na leo ni profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Kijana yuleyule, mwenye akili zilezile, alipotaka kuingia katikati ya masomo alifungiwa. Alipofika na shahada iliyokamilika, alipokelewa. Miaka mingi imepita, lakini kwa jambo hili mfumo wa Marekani haujabadilika sana.

Njia inayopitika: maliza kwanza

Kwa Mtanzania anayetaka kweli kufika Marekani kama daktari, hatua ni hizi, kwa mpangilio wake.

Ya kwanza ni kusoma chuo kinachotambulika. Ipo orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, iko wazi na haina malipo, katika tovuti ya wdoms.org. Unaweza kuifungua kwa simu yako ukatafuta jina la chuo. Chuo kisipokuwamo, au kikiwamo bila maelezo kwamba wanafunzi wake wanakubaliwa na taasisi ya Marekani iitwayo ECFMG, basi hakuna njia ya kwenda Marekani kupitia hapo. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1956, na kazi yake ni kuhakiki madaktari waliosoma nje.

Ya pili ni mitihani. Mtihani wa udaktari wa Marekani unaitwa USMLE, nao una hatua tatu. Hatua ya kwanza inapima sayansi za msingi: mwili unavyofanya kazi, magonjwa, dawa. Hatua ya pili inapima uwezo wa kutambua ugonjwa na kutibu. Kila mtihani wa hatua hizi mbili huchukua siku nzima mbele ya kompyuta, na gharama yake kwa mtu wa nje ni zaidi ya dola 1,000. Huhitaji kuhama chuo ili kuufanya. Mwanafunzi aliyemaliza masomo ya sayansi za msingi katika chuo kinachotambulika, hata kama ni cha hapa Tanzania, anaweza kuomba kufanya hatua ya kwanza akiwa bado mwanafunzi wa chuo chake.

Ya tatu ni kupata cheti cha ECFMG. Hutolewa kwa aliyefaulu hatua mbili za mwanzo za mtihani, akathibitisha ujuzi wake wa matibabu na Kiingereza kwa mtihani wa lugha wa watu wa afya uitwao OET, na chuo chake kikathibitisha shahada moja kwa moja. Karatasi ya kughushi haipiti hapo, kwa sababu chuo chenyewe ndicho kinachoulizwa.

Ya nne ni mafunzo ya ubingwa. Marekani daktari hawezi kutibu peke yake mpaka apitie mafunzo hayo hospitalini: miaka 3 kwa magonjwa ya ndani, watoto au tiba ya familia, miaka 5 kwa upasuaji. Nafasi hugawiwa kwa mfumo mmoja wa taifa, na majibu hutoka kila mwezi Machi. Kati ya kila madaktari 10 wasio raia wa Marekani waliosoma nje na kuingia katika mgawo huo, takriban 6 hupata nafasi. Wengine hukosa, japo wametumia fedha nyingi na wamefaulu mitihani. Jambo hilo lisemwe wazi nyumbani kabla ya kuanza.

Utaona tofauti kubwa ya fedha. Mwanafunzi wa udaktari anakilipa chuo zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Daktari aliye katika mafunzo ya ubingwa analipwa mshahara na hospitali, nao kwa mwaka wa kwanza huwa zaidi ya dola 60,000. Kumbe aliyemaliza shahada kwanza anapokea fedha pale ambapo mwenzake aliyetaka kuhama angezitoa.

Ya tano ni viza. Madaktari wengi wa nje huingia kwa viza ya J-1. Ili waipate, Wizara ya Afya ya nchi yao hutakiwa kuandika barua kwamba nchi inahitaji ubingwa huo, na wakimaliza hutakiwa kurudi nyumbani kwa miaka 2. Anaweza kusamehewa kurudi akikubali kufanya kazi miaka 3 mahali penye uhaba wa madaktari huko Marekani, kwa kawaida vijijini au katika vitongoji maskini. Ndiyo, nako wapo wanakijiji wanaosafiri mbali kumfuata daktari. Kumbuka pia kwamba masharti ya viza hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo taarifa ya mwaka jana usiitegemee mwaka huu.

Ipo njia ndogo ya kuonja mfumo wa Marekani bila kuhama. Baadhi ya vyuo na hospitali za huko hupokea wanafunzi wa udaktari wa nje walio miaka ya mwisho kwa wiki chache za mafunzo wodini. Mwanafunzi anabaki wa chuo chake, anarudi na barua ya daktari aliyemsimamia, na barua hiyo humsaidia baadaye anapoomba nafasi ya ubingwa.

Chuo kikifungwa ghafla

Kuna wanaohama kwa kupenda, na kuna wanaohamishwa na matukio. Miaka ya karibuni imetufundisha hilo.

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, China ilifunga mipaka. Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa likizo nyumbani walizuiwa kurudi. Walisoma kwa simu na kompyuta hadi China ilipoanza tena kutoa viza za wanafunzi Agosti 2022. Udaktari ni kazi ya mikono. Mgonjwa hapimwi kwenye skrini, na mabaraza ya madaktari katika nchi mbalimbali yakaanza kuuliza maswali kuhusu mafunzo ya wodini ambayo vijana hao hawakuyapata.

Tarehe 24 Februari 2022 vita vikaanza Ukraine. Maelfu ya wanafunzi wa udaktari kutoka Afrika na India, Watanzania wakiwamo, walikimbilia Poland, Hungary na Romania, wengine wakiwa na begi moja tu. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Sudan. Serikali yetu iliwarudisha nyumbani Watanzania takriban 200, wengi wao wanafunzi. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Rwanda kilipokea wanafunzi wa udaktari kutoka chuo kimoja cha Khartoum ili waendelee na masomo.

Zingatia walikopata msaada. Walioweza kuendelea walipokelewa na vyuo vyenye mfumo unaofanana na waliokotoka: miaka 5 au 6 baada ya sekondari. Vyuo vya udaktari vya Marekani havikufungua mlango wa jumla hata katika dharura zile.

Mtoto akitaka kurudi kumalizia nyumbani

Hii ndiyo hama ambayo Mtanzania anaiweza zaidi, nayo ina utaratibu wake. Mamlaka inayosimamia ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Chuo cha hapa kitaangalia mambo matatu. Kwanza, je, chuo alikotoka kinatambulika nchini mwake? Pili, je, kijana alikuwa na sifa za kuingia udaktari kwa vigezo vya Tanzania alipoondoka? Tatu, masomo aliyoyafaulu yanalingana na yapi ya hapa?

Swali la pili ndilo linalowaangusha wengi. Kuna vijana waliokosa alama za kuingia udaktari hapa nchini, wakala akawaambia nje hawaangalii sana. Ni kweli, chuo cha nje kinaweza kumpokea. Lakini siku ya kurudi, cheti cha kidato cha sita kitatolewa tena mezani. Ndiyo maana TCU inawataka wanaokwenda kusoma nje wapate kwanza kibali cha kutokuwa na pingamizi, kinachojulikana kwa ufupi kama NOC. Wapo wanaokiona kuwa ni usumbufu. Kumbe kinamlinda mzazi: kama kijana hana sifa, au chuo hakitambuliki, utaambiwa kabla hujalipa nauli.

Tarajia pia kwamba kijana anaweza kurudishwa mwaka mmoja au zaidi nyuma, kwa sababu mpangilio wa masomo hutofautiana. Aliyemaliza mwaka wa tatu katika mfumo wa miaka 6 hawezi kudhani ataingia mwaka wa nne katika mfumo wa miaka 5. Mwaka unaorudiwa unauma, lakini ni nafuu kuliko shahada isiyotambulika.

Na aliyehitimu kabisa nje akirudi, TCU huitazama shahada yake, na Baraza la Madaktari Tanganyika humpima kabla ya kumsajili. Bila usajili huo hawezi kutibu mtu, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au zahanati ya kijijini.

Maswali ya kumuuliza wakala

Mawakala si wote wabaya. Wapo wanaosaidia kweli kupata nafasi, viza na malazi. Lakini kabla ya kumpa fedha, muulize haya, na majibu ayatoe kwa maandishi:

1. Chuo kinaitwaje kwa jina kamili, na kiko mji gani? Nenda mwenyewe wdoms.org ukakitafute. Usikubali picha aliyokutumia yeye.

2. Mtoto atapata kibali cha TCU kabla ya kuondoka? Akisema hakihitajiki, hapo simama.

3. Akisema mtoto atahamia Marekani, ni chuo gani kitampokea? Kimeandika wapi kwamba kinapokea wanaohamia kutoka nje? Vyuo vya Marekani huandika sera zao wazi kwenye tovuti zao. Ahadi isiyo na jina la chuo ni maneno tu.

4. Masomo yanafundishwa kwa lugha gani darasani, na mgonjwa wodini anaongea lugha gani? Kijana anaweza kufundishwa kwa Kiingereza, kisha akashindwa kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

5. Ada ya miaka yote ni kiasi gani, na nani ataipokea? Ni salama zaidi kulipa katika akaunti ya chuo chenyewe, na kudai risiti ya chuo.

Usiyaulize peke yako. Mwite mwalimu wa sekondari, au daktari wa wilaya, au kijana wa jirani aliyekwisha kusoma huko, mkae naye mkisoma karatasi hizo. Tovuti ya TCU ni tcu.go.tz, na unaweza kuwasiliana nao kwa simu na barua pepe ukiwa mkoa wowote.

Nyaraka ndizo zitakazomwokoa

Kwa mwanafunzi ambaye tayari yuko nje, kazi ya leo ni moja: kukusanya karatasi wakati chuo kingali wazi. Kila muhula ukiisha, aombe matokeo rasmi yenye muhuri. Apate maelezo ya kila somo, yaani mada zilizofundishwa na saa zilizotumika, kwa sababu chuo kinachompokea kitayalinganisha na ya kwake. Atunze barua ya kupokelewa, risiti za ada, na kumbukumbu ya wiki alizokaa katika kila wodi. Kama ziko kwa Kirusi au Kichina, zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika.

Kisha azipige picha na kuzituma nyumbani kwa barua pepe, mzazi naye azihifadhi. Simu huibiwa, begi hupotea, na kama tulivyoona Sudan, hata jengo la chuo linaweza kufungwa kwa siku moja. Mwenye matokeo yake mkononi anaanza mazungumzo na chuo kingine kesho yake. Asiyekuwa nayo huanza kwa kutafuta mtu wa kumthibitishia kwamba aliwahi kusoma.

Kwa hiyo, mzazi wa Buigiri mwenye kijana aliyefaulu, ushauri ni rahisi kuueleza ingawa si rahisi kuutekeleza. Chagua chuo ambacho mtoto anaweza kukimaliza, kwa fedha mnazoweza kuzilipa hadi mwaka wa mwisho. Kikiwa hapa Dodoma, ni vizuri. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, na kijana anaweza kujifunzia udaktari wa kisasa bila kuvuka bahari. Kikiwa nje, kiwe kinatambulika na TCU iwe na habari. Ndoto ya Marekani haifi kwa kusubiri. Itamkuta akiwa na shahada mkononi, na wakati huo ataweza kubisha hodi kama daktari.